Kupandisha ada ya uanachama: maswali ya matawi ya bao, Lamu na Malindi

Maelezo haya ni ya viongozi wa matawi na wanachama wa kawaida wa chama cha kitaifa cha wacheza bao, hasa walioko Lamu, Pate, Mokowe na Malindi, mahali ambapo safari moja ya kwenda mkutanoni hula fedha kuliko ada ya mwaka mzima. Tarakimu za shilingi ni mfano wa hesabu tu. Ziondoeni mweke zenu. Utaratibu wenyewe unafaa pia chama cha mashindano ya mashua, cha watazama ndege au cha redio.

Bao twacheza bure barazani. Ada ni ya nini?

Kucheza ni bure na kutabaki bure. Hakuna chama kinachoweza kumtoza mtu aliyekaa Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, akinamua na mwenzake baada ya swala ya alasiri. Hata kete hazinunuliwi. Komwe 64 huchumwa kwenye mikomwe ya ufuoni, na mwenye busara huchuma 70, kwa sababu zipo zitakazopotea mchangani kabla ya mwaka kuisha.

Ada hununua yale ambayo baraza moja haliwezi kujipatia. La kwanza ni waamuzi wanaosoma kanuni kwa namna moja. Kete ya mwisho inapoangukia kwenye nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, je, mchezaji ana hiari ya kulala (kukomesha zamu yake) au ya kusafiri (kuendelea na kete za nyumba)? Nyumba ikishavunjwa, inabaki na haki gani? Waamuzi wawili wakijibu tofauti katika mashindano yale yale, mchezaji aliyetoka Siyu kwa mashua ataondoka na kinyongo, na mwakani hatarudi. La pili ni mbao za mashindano zenye kipimo kimoja, zilizochongwa kwa mti uliokauka sawasawa; mti mbichi hupasuka kwenye mstari wa mashimo. La tatu ni nauli ya timu. La nne, ambalo tunaliona kubwa kuliko yote, ni kuandika na kurekodi ujuzi wa mafundi wazee, yaani mabingwa wa bao, wangali hai. Fundi anayeweza kuona mtaji (zamu ya kula kete) wa mikono saba mbele akifariki bila kurekodiwa, hakuna ada itakayomrudisha.

Kama chama hakifanyi hata moja kati ya hayo mwaka mzima, tatizo si udogo wa ada, na kuipandisha kutakimaliza upesi zaidi. Anzeni na kazi.

Tutajuaje kuwa ada imekuwa ndogo mno?

Tazameni akiba ya benki mwisho wa miaka mitatu mfululizo. Ikipungua kila mwaka ilhali idadi ya wanachama iko pale pale, jibu mnalo. Dalili nyingine huonekana kama wema: viongozi wanalipa nauli, karatasi na chai ya mkutano kutoka mifukoni mwao. Wema huo una madhara mawili. Hesabu za chama zinakuwa za uongo, maana hazionyeshi gharama halisi, na uongozi unabaki kwa wenye uwezo peke yao. Mvuvi wa Kizingitini mwenye akili ya hesabu hatagombea uweka hazina akijua kuwa atalazimika kujilipia.

Bei nazo hupanda hata mkikaa kimya. Benki Kuu ya Kenya hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, ikiruhusu ushuke hadi 2.5 au upande hadi 7.5. Kwa asilimia 5 tu, ada ya shilingi 500 iliyowekwa miaka 8 iliyopita ingepaswa kuwa 739 leo ili inunue vile vile. Na si kila mwaka huwa wa asilimia 5: Oktoba 2022 mfumuko ulifika 9.6, na Oktoba 2023 lita ya petroli ilivuka shilingi 217 Nairobi. Anayevuka kwa mashua ya injini kutoka Mokowe aliihisi bei hiyo kabla ya gazeti kuiandika.

Ada mpya ihesabiwe vipi?

Msianze kwa kuuliza "watu wataweza kulipa ngapi?" Hilo ni swali la pili. La kwanza ni: mwanachama mmoja anakigharimu chama kiasi gani?

Gawanyeni matumizi mafungu mawili. Fungu la kwanza ni gharama zinazobaki pale pale hata wanachama waongezeke au wapungue: chumba cha ofisi, ukaguzi wa hesabu, mkutano mkuu, mashindano ya taifa. Fungu la pili humfuata kila mwanachama: kadi, ujumbe wa simu, na ruzuku inayorudi kwenye tawi lake.

Tuseme chama kina wanachama 320 waliolipa. Waliolipa, si walioandikwa daftarini. Wengi hukosea hapa hapa. Ofisi ni shilingi 72,000 kwa mwaka, ukaguzi 25,000, mkutano mkuu 60,000, mashindano baada ya kutoa viingilio 120,000. Jumla 277,000. Kila mwanachama ana kadi ya 80, ujumbe wa 20 na ruzuku ya tawi 150, yaani 250.

Gawanya 277,000 kwa 320, upate 866. Ongeza 250. Ada inayotosha ni shilingi 1,116. Kama ada ya sasa ni 800, chama kinapokea 256,000 na kutumia 357,000. Pengo ni 101,000 kila mwaka, na ndilo linalokula akiba.

Lakini 1,116 haitoshi, kwa sababu ada ikipanda wapo watakaotoka. Wakitoka asilimia 15, wanabaki 272. Ofisi haipungui kodi kwa sababu wanachama 48 wameondoka. Sasa 277,000 kwa 272 ni 1,018, na 250 juu yake ni 1,268. Chama kilichojiwekea 1,116 kitapungukiwa na shilingi 41,000 na ushei mwaka ule ule kilipopandisha ada, na mwakani kitarudi kuomba tena. Hakuna kinachovunja imani ya wanachama kama kuombwa mara mbili. Kwa hiyo hesabuni kwa idadi itakayobaki. Katika mfano huu ada ni 1,300, na ziada ndogo ya shilingi 8,600 inaingia akibani.

Hesabu ifanywe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha walinganishe. Na ipelekwe kwenye matawi yote ikiwa nzima, pamoja na bei ya kodi na ya kadi. Mwanachama akiona "gharama za uendeshaji 277,000" bila mchanganuo, ana haki ya kuuliza maswali mkutano mzima.

Je, wakitoka wengi kuliko tulivyokadiria?

Kwa upande wa fedha, chama huvumilia kuliko watu wanavyodhani. Chukueni nyongeza, mgawanye kwa kile kinachobaki kutoka ada mpya baada ya kutoa gharama ya mwanachama. Katika mfano, nyongeza ni 500, kinachobaki ni 1,300 kutoa 250, yaani 1,050. Jibu ni asilimia 47 na ushei. Mpaka karibu nusu ya wanachama watoke ndipo chama kitakuwa na hali mbaya kuliko kilivyokuwa kabla ya kupandisha.

Msiifurahie hesabu hiyo. Bao huchezwa na wawili, na tawi lenye watu 12 likibaki na watano halina tena ligi. Kwa hiyo pimeni kwa tawi, si kwa taifa: andikeni majina ya kila tawi, na kando ya kila jina alama tatu: atabaki, hana hakika, atatoka. Tawi ambalo wenye "atabaki" ni chini ya wanane linahitaji kutembelewa kabla ya kura, na anayekwenda awe mtu wanayemjua.

Tuongeze kidogo kidogo au mara moja?

Kidogo kidogo, kila mwaka au kila miaka miwili. Nyongeza ya shilingi 50 husamehewa siku ile ile. Chama kinachokaa miaka kumi kisha kikapandisha maradufu huwa kinawatoza wanachama wa leo kwa uzembe wa kamati zilizopita, nao wanalijua hilo.

Mkiwa tayari mmechelewa, gawanyeni hatua mbili na mzipigie kura pamoja: 800 hadi 1,050 mwaka wa kwanza, 1,300 mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza utakuwa na pengo. Semeni wazi litafunikwa na akiba kiasi gani. Kama akiba haipo, hatua mbili haziwezekani, na hilo pia lisemwe.

Nani ana mamlaka ya kupandisha ada?

Someni katiba yenu kabla ya kusoma kitu kingine. Katika chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108 ya Sheria za Kenya, katiba haibadilishwi bila idhini ya maandishi ya Msajili wa Vyama. Hapo ndipo wengi hukwama. Kama kifungu kinasema "ada itakuwa shilingi 800 kwa mwaka", basi kubadilisha 800 kuwa 1,300 ni kubadilisha katiba. Itahitajika kura iliyotajwa humo, ambayo mara nyingi ni theluthi mbili ya waliohudhuria, kisha barua kwa Msajili iliyotiwa sahihi na viongozi, kisha kusubiri jibu. Kuanza kukusanya 1,300 kabla ya jibu ni kosa, na mwanachama mmoja mwenye hasira anatosha kulifikisha mbali.

Kama kifungu kinasema "ada itakuwa kiasi kitakachoamuliwa na mkutano mkuu", kazi ni nyepesi: ajenda, kura, kumbukumbu za mkutano. Mkipata nafasi ya kurekebisha katiba kwa sababu nyingine, pendekezeni kifungu cha aina hii ndani ya rasimu ile ile na mwacheni Msajili aipitie.

Chama kilichosajiliwa kama cha michezo hufuata Sheria ya Michezo ya 2013 na Msajili wa Michezo. Tazameni cheti chenu. Wapo viongozi wasiojua wamesajiliwa wapi.

Kamati haiwezi kupandisha ada kwa kikao chake isipokuwa katiba imeipa uwezo huo. Kikundi cha simu hakipigi kura.

Notisi itolewe lini, na itafikaje visiwani?

Katiba nyingi hutaka notisi ya maandishi ya siku 21 kabla ya mkutano mkuu, ikiambatana na hesabu za mwaka na ajenda. Kwa Lamu hesabuni siku 35. Karatasi zikipanda basi Mombasa, zinashuka Mokowe, zinavuka kwa mashua, kisha zile za Faza na Kizingitini husubiri mashua nyingine inayofuata maji. Bamvua na maji mafu havijui tarehe ya mkutano wenu.

Ajenda iandikwe wazi: "Kupandisha ada ya mwaka kutoka shilingi 800 hadi 1,300." Neno "Mambo ya fedha" halitoshi. Mwanachama aliyeamua kubaki nyumbani kwa sababu ajenda haikutaja ada anaweza kuupinga uamuzi, na atakuwa na hoja.

Akidi ndiyo inayoangusha mikutano mingi. Malindi iko kilomita 220 hivi kutoka Mokowe, na kwa wanachama wa Pate safari ya kwenda na kurudi ni siku mbili au tatu. Mkutano wa kupiga kura ya ada ukifanyika Nairobi, Lamu itawakilishwa na wale wenye nauli, na hao ndio ambao nyongeza haitawaumiza. Tunashauri ufanyike Malindi au Mombasa, au katiba iruhusu wajumbe: kila wanachama kumi wa tawi wamtume mmoja, na uamuzi wa tawi uandikwe na kutiwa sahihi kabla hajaondoka. Kama katiba hairuhusu kura ya kuwakilishwa, isibuniwe siku ya mkutano.

Siku ya mwisho ya kulipa iwe lini?

Si Januari. Januari ni ya karo na sare za shule, na kila chama kinachodai ada mwezi huo kinajua kinavyopata majibu. Si mwishoni mwa Shaabani hadi Idi. Na kwa wavuvi si katikati ya kusi, Juni hadi Agosti, bahari inapochafuka na mashua ndogo kulala.

Wakati mzuri kwa pwani hii ni kaskazi inapoanza, Novemba hadi katikati ya Desemba. Bahari imefunguka, wageni wameanza kufika Shela na Malindi, na kwa kawaida huo ndio pia msimu wa Tamasha la Utamaduni la Lamu, wacheza bao wakiwa mjini tayari. Kusanyeni ada ya mwaka ujao wakati huo, siku ya mwisho iwe 15 Desemba. Kura basi ipigwe kabla ya Septemba ili watu wapate miezi mitatu ya kujipanga.

Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka wa kalenda ya jua, kwa hiyo tarehe hii itazamwe upya kila baada ya miaka mitano.

Anayechelewa atozwe faini?

Hapana. Faini inayoongezeka juu ya deni kwa sababu ya kuchelewa itaonekana na wanachama wengi wa Lamu kuwa inafanana na riba, na hoja yao si ya kupuuzwa. Njia safi ni kutangaza bei mbili tangu mwanzo: 1,300 kwa anayelipa hadi 15 Desemba, 1,400 baada ya hapo.

Angalizo moja tu: bei ya mapema ndiyo lazima itoshe gharama. Vyama huweka 1,300 kuwa bei ya kawaida, vikapunguza hadi 1,100 kwa wanaowahi, kisha robo tatu ya wanachama wakawahi. Hesabu yote ya juu inaporomoka kwa sababu ya ukarimu ambao haukupigiwa hesabu.

Mzee wetu hawezi shilingi 1,300. Tumtoe?

La. Tawi likimwondoa fundi wa miaka 75 kwa deni la shilingi 1,300, limeuza kisima ili kununua ndoo.

Wekeni mfuko wa kusitiri. Kila tawi litenge nafasi mbili au tatu kwa kila wanachama ishirini, zilipiwe na wenye uwezo wanaoongeza 200 au 300 juu ya ada yao kwa hiari. Masharti yawe machache. Wanaojua ni wawili peke yao: mwenyekiti wa tawi na mweka hazina. Hakuna fomu ya kueleza shida, wala jina halitajwi kikaoni. Risiti anayopewa ni ile ile ya wengine, na kwenye daftari anaandikwa "amelipa", kwa sababu kweli ada yake imelipwa. Mkaguzi ataona jumla ya mfuko ulioingia na uliotoka pamoja na namba za risiti, hahitaji majina.

Msisubiri mzee aombe. Waungwana wengi wa mji huu watajitoa kimya kimya kuliko kuomba. Mwenyekiti amfuate nyumbani kabla ya siku ya mwisho, wazungumze mengine, na mwisho amwambie: "Mwalimu, ya mwaka huu imeshatengenezwa."

Kwa asiyehitaji kulipiwa ila hawezi kutoa zote mara moja, awamu nne za shilingi 325 zinatosha. Aliyeanza awamu ya kwanza kabla ya 15 Desemba abaki kwenye bei ya 1,300 hata akimaliza Machi.

Vijana na wanafunzi?

Nusu ya ada, hadi miaka 18 au anapomaliza shule. Kwa anayevuka umri huo, msimpandishe kutoka nusu hadi ada kamili kwa mwaka mmoja. Mpeni robo tatu mwaka wa kati. Wengi hupotea hapo, na kumpata mchezaji mpya ni kazi kubwa kuliko kumbakiza aliyepo.

Wanachama wa maisha walipe nyongeza?

Hawawezi kulazimishwa, walilipa kwa masharti ya siku ile. Waombweni mchango, kwa barua yenye heshima, na msiwakumbushe zaidi ya mara moja.

Tatizo hasa ni bei ya uanachama wa maisha kwa watakaoingia sasa. Ikiwa bado ni 8,000 ilhali ada ya mwaka imekuwa 1,300, wajanja watalipa mara moja na baada ya miaka sita chama kinawabeba bure. Ifungeni nafasi hiyo siku ile ile kura inapopigwa. Kanuni ya kawaida ni mara 20 ya ada ya mwaka, yaani 26,000, kwa sababu fedha hizo zikizaa asilimia 5 juu ya mfumuko wa bei zinatoa 1,300 kila mwaka bila mtaji kuguswa. Kwa wanachama wasiotaka riba, zao liwe la uwekezaji unaofuata sharia, na jambo hilo liamuliwe kabla ya kupokea fedha. Kama hamna mpango wa kuziwekeza, msiuze uanachama wa maisha kabisa. Mtazitumia mwaka huu na deni mtawaachia wajukuu.

Malipo yapokelewe kwa njia gani?

Kwa Paybill ya chama, yaani namba ya M-Pesa ya kupokea malipo, si kwa namba ya simu ya mweka hazina. Hata mweka hazina awe mwaminifu vipi, siku simu yake itakapoanguka majini kwenye gati ya Mokowe, hesabu ya chama imeanguka nayo. Till, namba ya M-Pesa ya dukani, hupokea fedha lakini haina mahali pa mlipaji kuandika akaunti. Paybill inapo, na hapo ndipo mwanachama huandika namba yake ya uanachama.

Hapo pia ndipo makosa huanzia. Watu huandika majina, na pwani majina hufanana: mnaweza kuwa na watatu wenye jina moja la kwanza, la baba na la babu. Mwingine hulipa kwa simu ya mkewe, ujumbe ukaja na jina la mke. Mwingine huandika "bao". Tumieni namba fupi ya tarakimu nne bila herufi wala mstari, tarakimu ya kwanza ikiwa ya tawi: 3 kwa Lamu, 4 kwa Malindi. Iandikwe kwenye kadi kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Ujumbe wa simu usizidi herufi 160, nafasi zikihesabiwa, la sivyo utatozwa kama jumbe mbili. Huu unatosha: "Ada mpya: sh 1,300 hadi 15 Desemba, baadaye sh 1,400. Akaunti andika namba yako ya uanachama. Awamu 4 za sh 325 zakubaliwa. Maswali: mweka hazina wa tawi."

Fedha taslimu zitaendelea kuja barazani, na zisikataliwe. Kitabu cha risiti kiwe na namba zilizochapwa na nakala ya kaboni. Risiti iliyoharibika ipigwe mstari na ibaki kitabuni. Fedha ziingizwe benki au kwenye Paybill kabla ya siku saba kwisha, kiasi kile kile kilichopokelewa. Mweka hazina akianza kutoa nauli humo kabla ya kuingiza, hata kwa nia njema, vitabu havitalingana tena. Kila mwezi daftari la wanachama lilinganishwe na taarifa ya Paybill, mstari kwa mstari. Malipo yasiyojulikana ya nani yaandikwe kwenye ukurasa wa peke yake na yatangazwe kikaoni: "Shilingi 1,300, tarehe 4 Desemba, simu inayoishia 27, mwenyewe ajitokeze."

Mtu amelipa ada ya zamani kwa makosa. Tumrudishie?

Hapana. Ihesabiwe kuwa malipo ya sehemu, apewe risiti inayoonyesha salio la 500, na muda wa miezi mitatu kulimaliza. Aliyelipa ada ya mwaka ujao kabla ya kura kupigwa hadaiwi salio lolote.

Tukiondoa jarida la kuchapwa, je, tutaepuka kupandisha?

Huenda, lakini fikirini kwanza ni nani atapoteza. Januari 2024 ARRL, chama cha kitaifa cha wapenzi wa redio cha Marekani, kilipandisha ada kutoka dola 49 hadi 59, na wakati huo huo jarida lake la kuchapwa likaondolewa ndani ya ada: aliyetaka karatasi aliongeza dola 25, aliyeridhika na la mtandaoni hakuongeza. Mantiki yake ni sawa: anayetumia karatasi alipe karatasi.

Kwetu jambo hilo lina upande mwingine. Wanaotaka karatasi ni wazee, nao ndio wenye kipato kidogo. Tawi lipelekewe nakala tano zikae barazani zisomwe na wote, na mwenye kutaka yake alipie. Karatasi moja ikisomwa na watu kumi barazani ni nafuu kuliko kumi zinazolaliwa na vumbi.

Lamu inalipa sawa na Nairobi. Mbona inapata kidogo?

Swali hili lisipojibiwa kwa shilingi, hakuna hotuba itakayosaidia. Mchezaji wa Nairobi hupanda matatu kwenda mashindanoni. Wa Lamu hulipa mashua, basi la kwenda, malazi, basi la kurudi. Njia mbili zinafanya kazi. Ya kwanza ni ruzuku inayofuata umbali: tawi la mjini lirudishiwe 100 kwa kila mwanachama, la Malindi 150, la Lamu 250. Wastani ukibaki 150, ada haiguswi. Ya pili ni kuzungusha mashindano, kila mwaka wa tatu yawe Lamu au Malindi, na iandikwe kwenye azimio lile lile la ada. Ahadi iliyotolewa pembeni husahaulika kamati ikibadilika.

Mbao zisafirishwe mapema kwa shehena, si mikononi mwa wachezaji. Zifungwe mbili mbili uso kwa uso, na bei ya punda kutoka gatini hadi ukumbini iwekwe kwenye bajeti. Ni ndogo, lakini isipowekwa hulipwa na kijana aliyetumwa.

Na mkutano ukikataa?

Kamati ije na bajeti mbili zilizochapwa: moja ya 1,300, moja ya 800. Ile ya 800 itaje kwa majina yatakayokatwa na kwa mpangilio gani. Katika mfano wetu lazima zipatikane shilingi 101,000: ofisi ifungwe na vitabu vihamie kwa katibu, 72,000 zipatikane, mkutano mkuu ufanyike bila chakula wala ukumbi wa kulipia, 29,000 zilizobaki zipatikane hapo. Ruzuku ya matawi na ukaguzi wa hesabu visiguswe.

Bajeti ya pili isiwe kitisho. Kama wanachama wataichagua baada ya kuisoma, kamati iitekeleze kama ilivyoandikwa, na pendekezo la ada lisirudishwe kabla ya mkutano mkuu unaofuata. Iandikwe kwenye kumbukumbu nani alipinga na kwa sababu gani, kwa maneno yao wenyewe. Mara nyingi sababu huwa moja inayorudiwa, kama risiti za mwaka juzi ambazo hazijaonyeshwa au tawi ambalo halijawahi kutembelewa. Hiyo ndiyo kazi ya miezi kumi na miwili ijayo, na mweka hazina anaweza kuianza kesho yake kwa kubandika risiti hizo kwenye ukuta wa ofisi ya tawi, zote, kwa mpangilio wa tarehe.